Ulisoma Wapi? Jumamosi ya Raga Nakuru

Kwetu Morogoro, mgeni akishakaribishwa kiti na kupewa maji ya kunywa, hazipiti dakika nyingi kabla hajaulizwa: Simba au Yanga? Akijibu, mwenyeji anajua aanzie wapi kumtania. Nakuru sikuulizwa swali hilo hata mara moja. Dereva wa matatu, muuza magazeti, na mzee mmoja aliyekalia kreti ya soda pembeni ya uwanja, wote waliniuliza jambo jingine: "Ulisoma wapi?" Mara ya kwanza nilianza kueleza habari za chuo. Mzee akanikatiza. "Chuo wachana nacho. Sekondari." Nikamtajia shule yangu. Hakuijua, wala hakujua ilikuwa ikicheza na nani. Akanitazama kwa huruma, kama mtu aliyeambiwa kwamba mgeni wake hana kwao.

Nilikuwa nimekwenda kumtembelea dada yangu aliyeolewa huko. Kutoka Nairobi ni kilomita kama 160. Aliyewahi kuteremka mlima wa Kitonga kwetu Tanzania anaweza kukisia mwanzo wa safari, ila Kitonga miti na kona zinakunyima mandhari. Hapa, ukishapita Limuru, nchi inakatika ghafla upande wa kushoto, na chini kabisa linatandaa Bonde la Ufa, Mlima Longonot umekaa katikati kama chungu kilichomeguka mdomo. Kisha Naivasha, kisha Gilgil, kisha Ziwa Elementaita likimetameta kama bati jipya. Nilikuwa na hamu ya kuwaona heroe, wale ndege wa waridi wenye miguu mirefu ambao picha zao zimejaa kwenye kalenda. Shemeji akanituliza: maji ya Ziwa Nakuru yamepanda sana tangu miaka ya 2010, na heroe wengi wamehamia Ziwa Bogoria. "Umekuja kuona ndege," akasema, "utaona watoto wa shule."

Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, kreta ya Menengai nyuma yake, ziwa mbele yake. Ilipewa hadhi ya jiji Desemba 2021, ikawa ya nne baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Wenyeji husema jina lake limetokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mahali penye vumbi, na mwezi Machi, kabla ya mvua, hakuna wa kubishana nao. Vumbi lake ni jepesi na jeupe kidogo, linaingia mpaka ndani ya saa ya mkononi. Asubuhi watu huvaa sweta, mchana hulifunga kiunoni, jioni hulivaa tena.

Mpwa wangu alinipokea kwa "Shikamoo, mjomba." Rafiki zake wawili wakamgeukia kana kwamba ameongea Kireno. Wao walinipa mkono wakasema, "Sasa." Nikakosa la kujibu, nikasema "Marahaba" hivyo hivyo. Tukaingia ndani kunywa chai, na chai huko maana yake ni maziwa. Ile ya rangi wanaiita strungi, na ukiiomba unaulizwa kama tumbo linakusumbua. Kijana yuko kidato cha tatu, shule ya kutwa. Shingo imeanza kupotelea mabegani. "Mjomba, Jumamosi tuna mechi," akasema. Nikamuuliza mpira gani. "Raga."

Neno lenyewe nililiona kesho yake kwenye gazeti la Taifa Leo, limeandikwa hivyo hivyo, *raga*, bila haya wala alama za kunukuu, kama sisi tunavyoandika *soka*. Kwetu mchezo huu unajulikana na watu wachache wa Arusha na wale wa Gymkhana, Dar es Salaam. Mwingine ukimwambia raga atakuuliza kama ni ule wa Wamarekani wanaovaa helmeti. Siyo huo. Mpira una umbo la yai. Unashikwa kwa mikono na kukimbizwa mbele, lakini pasi hutolewa nyuma au pembeni tu. Mwenye mpira huangushwa chini bila mtu kuomba radhi. Anayefika nyuma ya mstari wa mwisho na kuugusisha mpira ardhini amepata trai, pointi tano. Halafu mwenzake anaupiga teke upite juu ya ubao wa lango lenye umbo la herufi H, mbili nyingine. Wapo wachezaji 15 kila upande kwa mchezo wa dakika 80, na wapo saba kila upande kwa mchezo wa dakika 14, ambao humalizika kabla chai haijapoa.

Kilichonichekesha zaidi ni majina. Timu ya taifa ya Kenya ya wachezaji 15 inaitwa Simba. Nilitumiwa picha ya kundi la watu wamevaa fulana zenye jina hilo, nikamwambia shemeji kwamba akivaa hiyo Kariakoo upande wa Jangwani atajieleza mpaka jioni. Timu ya wachezaji saba ni Shujaa. Na ile ya vijana wasiozidi miaka 20 ni Chipu, jina lililokatwa kutoka *chipukizi*. Chipu waliishinda Namibia jijini Nairobi mwaka 2019 na kupata tiketi ya kwenda Brazil kwenye mashindano ya dunia ya vijana. Nimeishi na neno chipukizi maisha yangu yote, nimeliimba kwenye gwaride la shule, na sijawahi kulifikiria kama jina la timu inayopanda ndege.

Jumamosi saa tatu asubuhi tukafika uwanjani, katika shule ya bweni yenye uwanja wa nyasi na miti ya mikaratusi pande mbili. Mabasi ya shule yalikuwa yakiingia moja moja. Yote ni ya manjano, kwa kuwa sheria ya Kenya inataka hivyo, na kila moja limeandikwa ubavuni jina la shule na wito wake: bidii, nidhamu, mwanga, Mungu kwanza. Kwetu timu ya shule ikisafiri hupanda Koasta ya kukodi au Fuso la mzazi mmoja mwenye moyo, na njiani hakuna anayejua ni shule gani inapita. Hapa basi likikata kona tu, watoto wa kwenye uzio wanalitaja jina kabla vumbi halijatulia. Niliwasikia wakitaja Menengai High, Nakuru High, Njoro Boys, Utumishi ya Gilgil, wakizipanga nani mkali na nani amechoka, kama sisi tunavyowapanga washambuliaji wa kigeni.

Mechi ya mpwa wangu ilikuwa ya tatu. Mistari ilikuwa imechorwa kwa chokaa, nayo ilifutika kila walipoangukiana juu yake. Mwalimu mmoja alizunguka na kopo akiichora upya. Mtoto wa dada yangu alitoa kwenye soksi kipande cha plastiki cha kukinga meno, akakisuuza kwa maji ya chupa, akakiuma. Kile kitendo kidogo kilimbadilisha sura. Yule aliyenipa shikamoo hakuwepo tena. Wakajipanga wanane kwa wanane, vichwa chini, mabega yakikutana na mabega, mikono imekamata jezi ya mwenzake kwa nguvu mpaka kitambaa kinalia. Hiyo ndiyo skramu. Kwa mbali inaonekana fujo. Kwa karibu unasikia pumzi za watu 16 zikitoka kwa pamoja, na refa akihesabu amri zake kwa utulivu kama imamu anayenyoosha safu. Dada yangu alijifunika uso kwa leso. "Niambie akisimama," akaniagiza. Nilimwambia mara tisa.

Jirani, kwenye uwanja mdogo zaidi, wasichana walikuwa wakicheza mpira wa magongo. Huo nao umo kwenye michezo ya muhula wa kwanza, pamoja na riadha, kuogelea, mpira wa kikapu, mpira wa mikono na raga ya wachezaji 15. Muhula wa pili huja soka, voliboli, netiboli na raga ya wachezaji saba. Mzee wa kreti alinikumbusha kwamba katika mpira wa magongo Kenya iliwahi kumaliza ya nne kwenye Kombe la Dunia la kwanza, Barcelona 1971. Alisema hivyo bila kuondoa macho kwenye raga, kama mtu anayetaja shamba la babu lililouzwa zamani.

Muuza mayai pasua alipita na toroli lake. Yai la kuchemsha linapasuliwa katikati kwa kisu, linajazwa kachumbari, pilipili ukitaka, shilingi 30. Nikazidisha kichwani kwa pesa za kwetu, nikaona bei si mbaya, nikachukua mawili. Pale kwenye toroli ndipo nilipopata somo la historia, kwa sababu wateja wote watatu walikuwa wazee wa shule tofauti, na kila mmoja alitaka nisikie upande wake.

Raga ililetwa Bonde la Ufa na walowezi. Wazungu waliolima nyanda hizi walikuwa na klabu yao mjini tangu 1907, leo inaitwa Rift Valley Sports Club, na Mwafrika aliingia humo kwa mlango wa jikoni. Mwishoni mwa miaka ya 1920 meli ya kivita ya Uingereza iitwayo Enterprise ilitia nanga Mombasa, mabaharia wakacheza na wenyeji wao wa Kizungu, na wakaacha kikombe. Kombe la Enterprise linashindaniwa hadi leo. Shule za watoto wa Kizungu za Nairobi, zile zinazoitwa sasa Nairobi School na Lenana, ziliufanya mchezo kuwa sehemu ya masomo. Uhuru ulipokuja 1963 milango ya shule hizo ikafunguliwa kwa wengine, na vijana wa Kiafrika waliotoka humo wakawa walimu, wakaubeba mpira ule wa yai mpaka shule zisizokuwa na nyasi. "Mzungu alituachia mchezo na lawama," akasema mmoja wa wale wazee. "Lawama tumezisahau."

Leo mtoto wa hapa akimaliza kidato cha nne, klabu zinamngojea karibu na geti. Ipo Nakuru RFC, ambayo mashabiki wanaiita Wanyore, mabingwa wa Kombe la Kenya mwaka 2013 na 2014. Ipo Menengai Oilers, iliyoanzishwa miaka ya karibuni kwa fedha za kiwanda cha mafuta ya kupikia. Chuo Kikuu cha Egerton kule Njoro kina timu yake, Wasps, yaani manyigu. Kila mwaka mji hupokea mashindano ya Prinsloo Sevens, na siku hizo, aliniambia shemeji, chumba cha kulala wageni hukipati hata kwa kubembeleza. Wakati Shujaa walipowafunga Fiji 30 kwa 7 katika fainali ya Singapore, Aprili 2016, kikosini alikuwamo Oscar Ouma wa klabu ya Nakuru. Nelson Oyoo, naye wa klabu hiyo hiyo, alikuja kuwa nahodha wa Shujaa. Wazee wa toroli hawakubishana kuhusu mabao ya siku hiyo. Walibishana kuhusu nani alisoma wapi.

Hapo nikaanza kuelewa lile swali. Michezo ya shule Kenya hupanda ngazi: kaunti ndogo, kaunti, kanda, taifa, halafu Afrika Mashariki. Kanda ni nane, na ya Bonde la Ufa peke yake ina kaunti 14, kutoka Turkana penye mchanga hadi Kajiado mpakani mwetu. Timu inayopanda ngazi hizo ni shule yenyewe. Jezi ile ile iliyoanza kwenye uwanja wa kaunti ndogo ndiyo itakayofika fainali ya taifa, na basi lile lile la manjano ndilo litakalokaa barabarani siku nzima.

Sisi tuna UMISSETA, michezo ya shule za sekondari Tanzania, na sioni haya kuisifu. Lakini kwetu kijana hodari akishachaguliwa wilayani anaivua jezi ya shule na kuvaa ya mkoa. Anapofika Mtwara, Tabora au Iringa, popote kambi ya taifa ilipopangwa mwaka huo, yeye ni Morogoro, anacheza bega kwa bega na kijana wa shule ambayo wiki tatu nyuma alikuwa akiiombea mvua ya mawe. Utaratibu wetu unajenga mkoa. Wa kwao unajenga shule. Ndiyo maana mimi nikitajiwa mchezaji wa zamani nauliza anatoka mkoa gani, na mzee wa Nakuru anauliza geti gani.

Nilidhani nimewapata kwa hoja, kwamba swali lao linabagua. Simba au Yanga anaweza kulijibu mtu yeyote, hata ambaye hajawahi kukanyaga darasa: mbeba mizigo, waziri, bibi asiyejua kusoma. "Ulisoma wapi" linamwacha nje asiyesoma. Shemeji hakukataa. Akanionyesha kwenye uzio vijana wa rika la mpwa wangu, wasio na sare, wameshika nyaya kwa vidole. Akaongeza kwamba si kila shule ina uwanja, kwamba ya mwanawe inafanya mazoezi kwenye kiwanja cha umma wakigawana na mbuzi na wanafunzi wa udereva, na kwamba kila mwaka husikika manung'uniko ya shule zenye uwezo kuwavuta wachezaji wa shule ndogo. "Lakini," akasema, "mtoto wangu anajua jina la kila kijana aliyemwangusha leo. Kuna mwaka mwingine. Atamtafuta."

Walipigwa 24 kwa 10. Kipenga cha mwisho kilipolia nilitarajia kile ninachokijua: kocha kumzonga refa, mashabiki kurusha chupa, mtu kulala chini akililia muda. Badala yake washindi walijipanga mistari miwili inayotazamana, wakaacha njia katikati, wakawapigia makofi walioshindwa wakipita. Kisha walioshindwa wakafanya vivyo hivyo. Mpwa wangu alipita akichechemea, tope limemkaukia sikioni. Kijana mmoja mkubwa wa upande wa pili akamshika kichwa kwa mkono mmoja na kukitikisa, kama mtu anayepima nazi. Wote wakaenda kugawana mikate na soda chini ya mikaratusi. Nilipomuuliza yule mkubwa ni nani, alinijibu kana kwamba nimeuliza habari ya ndugu: "Huyo? Huyo ni wangu. Tunacheza naye tangu kidato cha kwanza."

Nikirudi nilikuwa na nusu siku Nairobi. Nikaenda Barabara ya Mombasa, kwenye hoteli ya Panari, kwa sababu nilikuwa nimeambiwa kitu nisichokiamini. Unapanda ghorofani, unafungua mlango, na baridi inakupiga usoni kama umefungua friji la bucha. Ndani kuna sakafu ya barafu. Uwanja ulifunguliwa 2005, nje jua la Ikweta likichoma lami. Nilikuta watoto wamevaa viatu vyenye makali ya chuma, glovu kubwa kama za mpishi wa mikate, wakisukumana na kugombea kwa magongo kisahani cheusi kidogo. Ni mpira wa magongo wa barafuni. Kisahani hakidundi. Kinateleza, na sauti yake kikigonga ubao ni kama mlango wa kabati unaofungwa kwa hasira.

Timu yao kubwa inaitwa Ice Lions. Kwa miaka, tatizo lao halikuwa barafu, wala viatu. Tatizo lao lilikuwa kwamba hapakuwa na wa kucheza naye. Walikuwa wakijigawa wenyewe makundi mawili, wanacheza, wanashindana na nafsi zao, wanarudi nyumbani. Mwaka 2018 kampuni ya kahawa ya Kanada, Tim Hortons, iliwasafirisha mpaka huko, wakacheza mechi yao ya kwanza dhidi ya timu nyingine, wakiongezewa nguvu na Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, watu ambao katika mchezo huo ni wafalme. Septemba 2024 Kenya ikapokelewa katika shirikisho la dunia la mchezo huo. Niliegemea ukingo nikiwatazama watoto. Walikuwa hodari na wenye furaha. Lakini nilijikuta nawaza kuhusu yule kijana mkubwa wa Nakuru na ile "huyo ni wangu". Kutoka Nairobi mpaka Kanada ni mbali sana kwenda kumtafuta mpinzani. Mpwa wangu, mpinzani wake yuko ng'ambo ya barabara.

Nimefika Morogoro wiki mbili sasa. Jana jioni nilipita kwenye uwanja wa sekondari iliyo karibu na kwangu. Magoli yapo, wavu hakuna, mbuzi watatu wanakula pembeni ya kona. Vijana kama ishirini walikuwa wakicheza soka, nusu wamevaa mashati, nusu vifua wazi. Wanacheza vizuri mno. Nikasimama mpaka walipopumzika, wakanisalimu shikamoo kwa pamoja, nikawaitikia nikijisikia niko nyumbani. Nikawauliza wiki ijayo wana mechi na nani.

"Na sisi wenyewe, mzee," akajibu mmoja. "Mpaka msimu wa UMISSETA ufike."

Ng'ambo ya reli, juu ya miembe, lilionekana bati jekundu la sekondari nyingine. Haizidi dakika kumi kwa miguu. Nikawaonyesha kwa kidole. "Na wale?"

Wakatazama kule, wakatazamana.

"Wale hatuwajui," akasema.